Prezida Asiyejua Namba Mbili

Tulimwita Prezida, na sidhani kama kuna aliyekumbuka ni prezida wa nini hasa. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, komite ni nyingi kuliko masufuria. Kuna komite ya maji, ya kwaya, ya wazazi, ya usalama, na iliwahi kuwapo komite ya kufuatilia komite nyingine. Katika nyingi ya hizo aliyekaa mbele alikuwa yeye. Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, kama mimi, mwenye shule yake nzuri kichwani na koti la kahawia mwilini, koti la suti ambayo suruali yake ilikwisha kuchakaa zamani ikageuzwa matambara. Kwapani alibeba karatasi kubwa nyeupe alizozikunja kama mkeka. Ukimwona anakuja na karatasi zile ulijua kazi za siku hiyo zimekwisha, maana tunakwenda kupanga.

Kupanga ilikuwa dini yake ya pili. Nasema ya pili mimi, yeye asingelikubali neno hilo.

"Bandugu," ndivyo alivyofungua kila kikao baada ya maombi, "mbele ya kufanya, tupange. Tujue nini inatangulia, na nini inafuata."

Maneno mazuri, na aliyasema kwa sauti ya mtu anayefungua Biblia. Taabu ni kwamba cha kutangulia hakikumshinda kamwe, kwa sababu kwake kila kitu kilitangulia. Cha kufuata ndicho ambacho hakikuwahi kupatikana. Kwa miaka yote niliyoketi kwenye mabenchi yake sikumsikia akimwambia mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, kwamba jambo lake ni la pili.

Chukua habari ya pampu ya maji. Watu waligombana kwenye foleni, madumu yakarushwa, akaitwa Prezida. Akatukalisha asubuhi nzima tupange nani achote kwanza. Tukaanza na wajawazito, hakuna aliyebisha. Wakafuata wazee, lakini Prezida akasema wazee nao ni wa kwanza, tuseme wa kwanza pamoja. Halafu wagonjwa. Halafu wenye watoto wachanga, halafu wanafunzi wasichelewe darasani, halafu walimu wa hao wanafunzi, halafu wapishi wa misiba, halafu wanaume walioachwa na wake zao, maana nao hawana wa kuwachotea. Jua lilipofika kichwani kila mtu wa mtaa alikuwa ameingia katika kundi la kwanza. Tukarudi pampuni. Foleni ilikuwa ile ile na ugomvi ule ule, tofauti ni kwamba sasa kila mtu aligombana akiwa na sababu.

Nyumbani kwake hali haikuwa bora. Nilikwenda siku moja kumpima mkewe nguo ya harusi ya ndugu, nikakaribishwa chakula. Nsima, ugali wa huku, ilikuwa inafuka moshi juu ya meza. Mkewe akauliza apakue wapi kwanza. Mwanamke yule alikuwa ameolewa naye miaka na miaka, hakupaswa kuuliza. Prezida akaweka mikono mezani akaanza: mgeni ni wa kwanza kwa heshima, watoto ni wa kwanza kwa njaa, mama ni wa kwanza kwa sababu ndiye aliyepika. Tuliila imeshakuwa ngumu ya kukata kwa kisu. Mkewe alinitazama tu akacheka kwa pua.

Ukimharakisha alikuwa na jibu lake, alilipenda kiasi kwamba alilirudia hata pale lilipokuwa halina maana.

"Mama Furaha," aliniambia, "haraka ni ya bantu benye kukimbia. Shiye tulisha kimbia, tulisha fika."

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa paa.

Mimi ni mshonaji. Tulikuwa na atelie yetu, chumba cha matofali ya udongo karibu na soko la kambi, humo tulishona pamoja wanawake wa Kongo, wa Rwanda na wa Burundi, sare za shule hasa. Nusu ya paa ilikuwa mabati ya zamani. Nusu nyingine ilikuwa turubai la plastiki, lile tunaloliita shitingi, lililokwisha kuliwa na jua likawa jepesi kama ganda la kitunguu. Chini ya shitingi ulikuwapo ukuta mmoja ambao kila masika uliyanywa maji. Mjenzi alikuja, akaukandamiza kwa kidole gumba, udongo ukamfuata kidole. Akasema mvua kubwa moja tu, basi. Na ukuta ule ukianguka ungeangukia mashine, kwa kuwa mashine tulizipanga pale penye mwanga. Watoto wetu walikula kwa mashine zile. Sikuhitaji semina kujua kipi ni cha kwanza.

Basi shirika moja la Lilongwe likasema litatusaidia. Akaja afisa, dada wa Kimalawi mwenye adabu, akasema zikomo nyingi, yaani asante, kwa kila mtu, kisha akaeleza vizuri kabisa: mradi ni mmoja, jambo ni moja, komite ichague la kwanza, ilete jibu. Kila kundi likasema lake. Sisi paa. Mama wa kreshi, Mnyarwanda mwenye moyo aliyewalea watoto wa mtaa wakati mama zao wapo kazini, alitaka choo. Kwaya ilitaka vipaza sauti. Vijana walitaka kompyuta. Prezida akasikiliza kila mtu huku macho yamemlowa, akakunjua karatasi zake, akaandika jibu kwa mwandiko wake mzuri wa shule za mapadri. Namba moja A, paa. Namba moja B, choo. Namba moja C, vipaza sauti. Akaendelea hivyo mpaka nikadhani alfabeti haitatosha.

"Prezida," nikamwambia, "hii yote ni namba moja."

"Njo vile," alisema, na alifurahi kwamba nimeelewa.

Lilongwe waliposoma jibu lile walituhurumia. Wakatuletea msaada. Haukuwa mabati. Ulikuwa semina ya kujifunza kuchagua vipaumbele.

Tulipandishwa gari tukapelekwa hoteli moja mjini, yenye feni na vitambaa vya meza ambavyo mimi kwa macho ya ushonaji niliona pindo zake zimeshonwa ovyo. Tulikunywa chai yenye maziwa, tukala sambusa. Mkufunzi akabandika vikaratasi vya rangi ukutani akatufundisha kwamba mahitaji yana vikapu vinne: ya lazima, ya muhimu, ya kufaa, na ya kungoja. Prezida aliandika kila neno. Mwishoni akanyoosha mkono, akauliza kwa Kifaransa kisha kwa Kiingereza:

"Na kama yote ni ya lazima?"

"Haiwezekani yote yawe ya lazima," alisema mkufunzi.

Prezida akatabasamu kwa upole, vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyesema mwezi unamfuata. Tulipewa vyeti vilivyofunikwa plastiki ngumu. Changu nilikirudisha nyumbani nikakishona juu ya tundu la shitingi. Ni cheti kizuri, kilizuia maji kwa juma zima.

Lakini semina ilimpa Prezida kitu kimoja, nacho ni kura. Vikaratasi vya rangi hatukuwa navyo, akaleta maharage. Kila mwanakomite alipewa punje moja. Sahani ziliwekwa chini, kila sahani na jambo lake, unapita unadondosha haragwe lako mbele ya wote. Sahani zenye machache zinaondolewa, mnapiga tena, mpaka ibaki moja. Na sheria ya mwisho aliitunga mwenyewe, akatusomea akiwa amesimama: sahani mbili zikilingana, haragwe la Prezida ndilo litakaloamua. Kabla ya hapo yeye hapigi kura. Haragwe lake linakaa mfukoni.

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi ya wote, naomba hilo lijulikane.

Afisa alirudi siku ya kura, mawingu yakiwa tayari yamekaa upande wa Dowa. Alisema wazi kwamba leo ni mwisho, atarudi Lilongwe na jambo moja au atarudi bila jambo. Vipaza sauti vilitoka mapema, kwaya wakanuna. Kompyuta zikafuata. Zikabaki sahani mbili, ya paa na ya choo. Tukapita mara ya mwisho. Mama wa kreshi alinipita pale sahanini, akanishika mkono.

"Mama Furaha, mi sikuchukii," alisema. "Lakini batoto bangu iko banaumwa tumbo kila juma."

"Najua," nilimjibu. "Na mi ukuta yangu inaanguka."

Hatukudanganyana. Hiyo ndiyo kura safi kuliko zote nilizopata kuona maishani mwangu. Maharage yakahesabiwa, yakalingana.

Watu wote wakamgeukia Prezida. Aliingiza mkono katika mfuko wa koti, nikaona vidole vinatembea ndani ya kitambaa, ameshalipata. Alinitazama mimi. Akamtazama Mama wa kreshi. Jasho lilikuwa limemsimama juu ya mdomo.

"Bandugu," alisema, "shiye bote tuko bantu bamoja. Tupumzike kidogo. Tutarudilia kura juma yenye kuya."

"Hakuna juma lijalo," alisema afisa, na mkalimani akatafsiri, ingawa uso wa afisa ulikuwa umeshatosha.

"Basi andika bibili."

"Siwezi kuandika viwili."

Mkono ulitoka mfukoni mtupu. Afisa akaandika kwamba komite haikuafikiana, akasema zikomo, akapanda gari. Baadaye tulisikia kwamba mradi umekwenda kwa kikundi cha wakulima upande wa Mitundu. Waliulizwa wanataka nini, wakasema ghala, wakanyamaza. Hawakuwa wamehudhuria semina yoyote.

Ukuta ulianguka Jumapili tukiwa kanisani, nikamshukuru Mungu kwa hilo kwanza, halafu nikaenda kuona. Mashine zilikuwa chini ya matope, moja imevunjika shingo. Sare za shule zilikuwa zimegeuka rangi ya barabara. Tulianza kuchimbua kwa mikono, wengine wanalia, wengine wamekaza meno. Ndipo nikaona koti la kahawia linakuja, na kwapani, ninaapa, karatasi zilezile.

"Pole sana, bamama," alisema. "Tupange. Tunatoa matofali kwanza, ao mashini?"

Nilimwambia aondoke. Nilimwambia na maneno mengine ambayo mchungaji alinisamehe. Alisimama kidogo, akaziweka karatasi juu ya jiwe ambako hazitalowa, akavua koti, akaanza kubeba matofali. Alibeba mpaka jioni. Hata hivyo nilimchukia. Mtu akikuangusha halafu akusaidie kuinuka, bado magoti yanauma.

Atelie haikuinuka tena. Wenzangu walitawanyika, mmoja anauza nyanya, mwingine anafua nguo za watu. Choo hakikujengwa pia, na Mama wa kreshi alifunga mlango wake kabla mvua hazijakatika. Prezida alitaka kila mtu awe wa kwanza, akatufanya wote wa mwisho, na tulipokutana njiani alitusalimia kwa upole uleule, mkono kifuani.

Lazima niseme na jambo moja jingine, ingawa linaniudhi kulisema. Kabla ya hayo yote vijana wa kambi waligombea uwanja wa mpira. Ilianza na mpira ikaishia kwenye makabila, wakatoka na marungu, wengine na panga za kukatia miti. Wakubwa wenye busara tulijifungia ndani. Prezida alikwenda akasimama katikati na karatasi zake, akawaambia hawezi kuwaruhusu wapigane kabla hawajapanga nani anampiga nani kwanza na kwa kosa gani. Aliandika. Aliuliza. Alirudisha swali nyuma. Alirekebisha. Wakamtukana, akaandika na matusi. Mwishowe walichoka kabisa, marungu yakawa mazito mikononi, wakaondoka mmoja mmoja wakimcheka. Hakuna aliyeumia. Baadaye nilimwuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini mi nilisha ona bantu banapangiwa namba kwa kabila, Mama Furaha. Huyu wa kwanza, huyu wa nyuma. Unajua vile ilimalizika."

Nilijua. Wote hapa tunajua, ndiyo maana tupo hapa. Lakini choo si kabila na paa si kabila, na mtu mwenye shule yake alipaswa kuona tofauti.

Miaka ikapita. Nikaanza kushona Lilongwe, kwenye baraza ya duka karibu na soko, mwenye duka akinivumilia kwa sababu namshonea mapazia. Habari za Prezida zilinifikia huko, na ya mwisho ilinifanya nicheke mpaka sindano ikanichoma: shirika jingine lilikuwa limemwajiri azunguke kufundisha vikundi namna ya kuchagua vipaumbele. Walisema ana uzoefu mkubwa.

Halafu asubuhi moja akatokea barazani. Alikuwa amezeeka, mgongo umeinama, koti ni lile lile. Kesi yao ya kuhamishiwa ughaibuni ilikuwa imepita, mkewe na watoto walikuwa ndani ya gari dogo kando ya barabara, mizigo imefungwa kamba juu, wanakwenda kiwanja cha ndege. Nchi ya baridi. Alitaka aingie ndegeni na koti zima, na bitana ya ndani ilikuwa imeachana na mfuko, inaning'inia.

"Mama Furaha," alisema, "gari inaningojea. Uanze na mi, tafazali."

Mbele yangu alikuwa ameketi mama wa Kimalawi na sare ya binti yake, pindo limefumuka, shule inafunguliwa siku hiyo. Nyuma ya Prezida alikuwa anakuja kijana wa kabaza, mbeba abiria kwa baiskeli, na suruali iliyochanika. Nilimtazama Prezida, nikatamani kumtukana, nikakuta hamu imeniisha. Nikasema tu la kazi yangu.

"Prezida, huyu mama njo wa kwanza. Weye uko wa pili."

Alitazama gari, akanitazama mimi, halafu akaketi kwenye benchi taratibu, koti mapajani.

"Wa pili," alisema kwa sauti ndogo. Alingoja kama waungwana wanavyongoja. Mama alipoondoka na sare yake, hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

Nikalichukua koti. Ili kushona mfuko ilinibidi niifungue bitana mpaka chini, na kule chini kwenye pindo, mahali pesa na funguo za watu huwa zinaangukia, kidole kiligusa kitu kigumu. Nikakisukuma hadi kikatoka. Lilikuwa haragwe, limekauka, bungua amelitoboa upande mmoja. Mfuko ulikuwa na tundu, lilikuwa limetumbukia ndani, naye alitembea nalo miaka yote hiyo.

Nililiweka juu ya meza ya mashine kati yetu. Hakuuliza ni nini.

"Hii ilikuwa ya wapi?" nikamwuliza.

Aliangalia barabarani. Mkewe alikuwa anamwita kwa mkono kutoka garini.

"Ya paa," alisema. "Nilijua kabla ya kikao. Mjenzi alinionesha ile ukuta. Choo ilikuwa na lazima, lakini batoto bangeweza kuenda kwa jirani. Ukuta haiendake kwa jirani."

"Ulijua."

"Nilijua. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia, Mama Furaha. Ningefanya namna gani?"

Nilikuwa nimengoja miaka kusikia kwamba hakujua. Mtu asiyejua ningeweza kumcheka mpaka kaburini. Huyu alijua, na aliogopa macho ya mwanamke mmoja kuliko alivyoogopa panga za vijana wote wa kambi. Nikashona, mfuko kwanza, bitana baadaye, mishono midogo ya kudumu, kwa sababu kazi mbaya siijui. Nikakata uzi.

Alipolipokea koti hakulivaa mara moja. Alilichukua lile haragwe, akalishika kidogo, akalidondosha ndani ya kifuniko cha bati ninamowekea vifungo. Lilitoa mlio.

"Paa," alisema.

Gari likapiga honi. Nikamsaidia kuingiza mikono katika koti, nikamnyooshea kola, maana anakwenda kuonekana na watu wasiomjua.

"Basi, Prezida," nikamwambia, "paa imeshinda."

Halafu nikamwita wa tatu.